Tulitoka Tunduma hadi Durban kupanda meli ya kitalii, mama akaishia kuipungia mkono

Wakuu, salaam kutoka huku mpakani. Hili limenikaa kooni muda mrefu, na kila ninachoandika nilikuwepo.

Mdogo wangu wa mwisho, Atupele, ni mhudumu wa vyumba kwenye meli ya kitalii. Zile meli kubwa kama mtaa mzima umewekwa juu ya maji. Baba alifariki yeye akiwa baharini, hakumzika.

Mama yetu anaishi Ikinga, kule Ileje. Presha ya macho ilikuwa inamla taratibu, na daktari alishatuambia tusiyategemee macho yale kwa muda mrefu.

Mama akawa na ombi moja tu. "Nataka nimwone Atupele, na pale anapolala, kabla giza halijanikuta."

Atupele akatuombea nafasi za ndugu wa wafanyakazi, mimi na mama. Tungepandia Durban.

Jamani, tulipanga! Pasipoti, kadi za homa ya manjano, kila kitu. Atupele alitufundisha hadi kushuka: siku ya mwisho mabegi makubwa yanachukuliwa mapema, kwa hiyo dawa na nguo ya kubadilisha tubaki nazo mkononi. Mama akashona kimfuko cha kitenge cha dawa zake za macho.

Yaani tulijua kushuka kabla hatujapanda.

Atupele akasisitiza jambo moja kwenye simu: "Dada, meli inaondoka saa kumi jioni, lakini check-in, yaani kuandikisha abiria, inafungwa saa saba mchana. Hiyo saa kumi isahau kabisa."

Tukavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kisha basi kwa basi hadi Johannesburg. Kaka yetu mkubwa, Ambakisye, anaishi huko. Akatupeleka Durban kwa gari lake siku moja kabla. Mpaka hapo safi.

Asubuhi ya safari, kaka akaamua mama aonyeshwe kwa rafiki zake wa pale Durban. Nyumba ya kwanza chai. Ya pili nyama choma.

Nikamwambia, "Kaka, saa saba wanafunga."

Akacheka mbele ya watu. "Mmefika juzi mnataka kunifundisha? Tiketi imeandikwa saa kumi."

Mama akanishika mkono ninyamaze. Kwetu mkubwa habishiwi mbele za watu.

Tulipofika bandarini saa saba ilishapita, geti la abiria limefungwa. Dada wa pale akatueleza kwa upole kwamba orodha ya abiria imeshapelekwa uhamiaji, hakuna jina linaloongezwa.

Meli ipo palepale, wakuu. Tunaiona!

Mama akaniuliza, "Si ile pale? Mbona haijaondoka?"



Atupele akapiga simu analia. "Siruhusiwi kushuka, dada, niko kazini. Mwambie mama niko huku juu, napunga taulo jeupe."

Mimi nililiona. Mama hakuliona. Basi akaipungia meli nzima, na ilipoanza kuondoka akaendelea kupunga.

Kaka akasema, "Mnalia kama msibani, meli si ziko nyingi."

Mkataba ulipoisha Atupele akaja nyumbani. Macho ya mama yalikuwa yameshakwenda. Akampapasa uso mzima, halafu akageuka kuniuliza mimi: "Amenenepa, au amekonda?"

Atupele akakimbilia jikoni.

Kaka hajaomba msamaha hadi leo. Majuzi, kwenye harusi ya binamu yetu hapa Tunduma, nimemsikia akiwasimulia wageni jinsi alivyompeleka mama Durban kuona meli. Watu wakampigia makofi.

Nilichojifunza: kwenye meli, saa ya kufunga check-in ndiyo saa yako ya safari. Na siku hiyo usimkabidhi mtu ratiba yako, hata kama mmenyonya ziwa moja.

Sasa nisaidieni. Krismasi kaka anakuja, na mama anataka mimi ndiye nikampokee stendi. Ningekuwa dada yenu, mngenishauri niende?