Githeri ya Dakika Ishirini na Tano

Wacha niseme hii aibu kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu wazazi wanaisimulia pale kituo cha kupimia majani chai na kila wiki wanaiongeza chumvi. Mimi ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi huku upande wa Ndanai, na ni mimi (hakuna mwingine wa kulaumu) niliyekata muda wa chakula cha mchana kutoka saa nzima hadi dakika ishirini na tano, ili gredi ya sita wapate somo la ziada la hesabu.

Wazazi wakalalamika kwamba watoto wanarudi nyumbani na njaa. Siku ya mkutano, badala ya kunyamaza, nikasimama mbele yao nikasema, "Leo nitapanga laini na watoto, na kengele ikilia mje mwone sahani yangu ikiwa tupu." (Sisi walimu huletewa chakula ofisini, hiyo laini sikuwa nimewahi kuisimamia hata siku moja.)

Basi nikashika sahani, nikasimama nyuma na watoto wa gredi ya kwanza, maana wakubwa walikuwa wakitangulia, na laini ikajivuta, huyu amemwaga, yule amepoteza kijiko, na kufika kwa Mama Wambui, mpishi wetu, anipakulie githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja, dakika kumi na saba zilikuwa zimeisha.

"Mwalimu, ni moto, ngoja kidogo," akaniambia.

Ningengoja vipi na mkutano mzima umenikodolea macho? Nikaketi kwenye nyasi kando ya msichana mdogo anaitwa Chebet, nikapuliza na kumeza, nikapuliza na kumeza, mpaka kengele ikalia kama bado nina karibu nusu sahani, na kwa kiburi nikasukuma vijiko vitatu mdomoni kwa mpigo.

Githeri ikanikwama. Pumzi haiingii, haitoki. Mzee Rono, mwenyekiti wa wazazi, akainama mbele yangu kuuliza kama niko sawa, na wakati huohuo Mama Wambui akatupa mwiko, akakimbia, akanipiga mgongoni kwa ule mkono unaosonga ugali ya shule nzima, na githeri yote ikatua kwa koti ya Mzee, ile yake ya kanisa.

Chebet akanisogezea kikombe chake cha maji.

"Kunywa, Mwalimu," akasema. "Hata mimi hunikwama kila siku."

Machozi yalinitoka hapo, na si ya githeri. Nilikuwa nimepitisha muhula mzima nikijisifu kwa ile ratiba.

Mzee Rono alijipangusa polepole. "Tumekuona, Mwalimu," akasema. "Sasa na wewe umetuona."

Jumatatu saa nzima ilirudi, na wadogo ndio hutangulia siku hizi. Koti niliifua mwenyewe, mara mbili. Hesabu tuliihamishia asubuhi na hakuna aliyeumia. Mama Wambui nilimpelekea kuku, akacheka akasema hata angenipiga bila kuku, na mimi namshukuru Mungu kwa mkono wake kila nikimeza. Lakini deni kubwa ni la yule mtoto wa kikombe, ambaye hakunicheka, na nimeapa sitampangia tena mtoto yeyote muda wa kula kabla sijasimama kwenye laini yake.