Mabawa Ukutani kwa Gerishon

Mchoraji wetu wa mabango, pale Thika, alikuwa na tabia ya kulamba ncha ya brashi kabla ya kuanza, basi midomo yake haikukosa rangi. Utotoni aliona sinema moja tu, kwenye shuka lililotundikwa katika shamba la mkonge: farasi mwenye mabawa akipaa. Tangu hapo wanyama wote aliowachora waliota mabawa.

Mwaka wa 1957 Gerishon, mwenye bucha Ruiru, alimwita amchoree ng'ombe ukutani.

"Ngai! Fundi, huyu akiruka mimi nitauza nini? Toa hayo mabawa!"

"Sawa, mzee," akajibu kwa upole, akayafunika kwa chokaa. Gerishon akaridhika, akarudi ndani kunoa kisu. Sisi tuliofuatana na fundi kutoka Thika tukabaki nje, tukatazama miguu ya yule ng'ombe. Hakuna hata ukwato mmoja uliogusa nyasi.