Za Mwanangu, Za Mwenyewe

Hili kovu juu ya nyusi mnaloniuliza kila siku, leo nalisema, na atakayecheka acheke, maana waliocheka siku yenyewe walikuwa wengi na mmoja wao nilimzaa mwenyewe. Si ajali ya gari, wala sikuvamiwa na wezi pale Jules Street hapa Joburg (Mama Solange, najua ulieneza hivyo ili kunisitiri, ahsante, inatosha). Nilijipiga kwa darubini ya bunduki yangu, mchana kweupe, mbele ya wanachama wa klabu ya shabaha, nikiwa katikati ya kumwonyesha mtoto kwamba haiumi. Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena, na Mungu aniepushe.

Wengi mnaijua kazi yangu. Niliingia kwenye duka la bunduki la Oom Hennie nikiwa mfagiaji (Oom ni mjomba kwa Kiafrikana, mzee wao humwiti kwa jina tupu), mwanamke wa Tanga nisiyejua hata bastola inashikwa wapi, na leo ni mwaka wa kumi na moja, nina leseni, nina bunduki yangu ya kuwindia, na risasi najaza mwenyewe pale mezani kwake: ganda, fataki, baruti nimeipima kwenye mizani, kichwa cha risasi juu. Binti yangu Rehema, miaka kumi na tano, mzaliwa wa hapa hapa, alikua akiniona narudi na nyama ya swala, naye akataka. Nami kwa haraka zangu nikampa risasi zangu nzito za kupigia tandala, mnyama mkubwa kama ng'ombe, nikamwambia haiumi. Bega lilivimba wiki nzima, na tangu hapo kila akitaka kufyatua anafumba macho, risasi inakwenda kuua udongo.

"Mama, mimi siogopi," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Joburg. "Bega ndio inaogopa."

Oom Hennie hana mzaha na mambo hayo. Akasema Jumamosi Rehema apige tatu ndani ya sahani ya karatasi, macho wazi. Akiweza, Jumapili twende shambani kwa kaka yake yeye Oom kuwinda swala. Asipoweza, hapigi mnyama, kwa sababu kumjeruhi mnyama akakimbia na maumivu yake ni dhambi. Na Rehema, kichwa kigumu alichokirithi kwangu, akaapa kwamba akishindwa hataki kuiona bunduki tena maisha yake yote. Iliniuma sana, maana aliyemharibu ni mimi.

Basi wiki ile nikajifungia mezani. Nikachagua vichwa vyepesi badala ya vile vizito vyangu, na baruti ya kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na kitabu (chini ya hapo sishuki, Oom angenifukuza kazi), kwa sababu kichwa chepesi na baruti kidogo, teke lake dogo, na swala wa karibu haombi zaidi ya hapo. Nikazijaribu tano, zikapiga pamoja shabahani, bega langu halikulalamika, nikapiga na kigelegele peke yangu. Kisha nikachukua kalamu ya wino mzito niandike kwenye kifuniko cha boksi, na kwa kuwa kuna jamaa wa klabu wanapenda kuazima bila kuomba, nikaandika Kiswahili, tena kwa mkato wasielewe: Z.M. Yaani Za Mwanangu. Na ndani ya mfuko nilimolitia lilikuwemo boksi langu la tandala, nililoliandika zamani kwa ujanja ule ule: Z.M. Za Mwenyewe. Sasa lugha gani hii jamani, kila mtu ni M? Mtoto M, mzee M, mgeni M, mwerevu M, mjinga M.

Jumamosi tukatoka, Rehema amelishika bega lake njia nzima, hata kwenye roboti nyekundu (taa za barabarani, hapa ndivyo tunavyoziita). Nyuma alikaa shoga yangu Mama Solange, msusi wa Yeoville, mtu wa Lubumbashi, aliyekuja kwa ajili ya nyama ambayo bado inatembea porini. Tulipofika uwanjani mtoto akaigusa bunduki mezani, akauondoa mkono.

"Weye Mama Rehema," Mama Solange akaninong'oneza, "mutoto iko anaogopa, hauone? Muache tu."

Nimwache? Mimi? Nikamwambia Rehema asimame pembeni mama yake amwonyeshe. Nikatoa boksi, nikasoma Z.M., nikaridhika. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, kitako cha bunduki nikakigusisha tu begani, jicho nikalisogeza karibu na darubini kwa mapozi, na kwa vile nilikuwa nimeziba masikio, sauti niliyodhani ya kawaida kumbe uwanja mzima unanisikia: "Tazama mwanangu, hata ukiishika kizembe! Hizi ni laini, utadhani umepigwa na mto wa—"

Mto haukufika. Darubini ilinikaa juu ya nyusi, mguu wa kiti ukavunjika, nikaenda chali, miguu juu, viatu vyangu vya mauzo ya Krismasi vikiangalia mbingu, damu inashuka, na Mama Solange anapiga ukelele, "Yesu! Bamemuua!" Wazee wa klabu wakaacha shabaha zao. Oom Hennie akanyanyua mkono watu wasitishe, akaichukua bunduki, akaiweka salama, ndipo akaja kwangu na sanduku la dawa.

Na Rehema? Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanitazama.

"Kumbe hata wewe inakupiga," akasema. "So haikuwa bega yangu tu."

Hapo nikaona aibu ya kweli, kuliko ile ya miguu juu. Nikamwambia, "Inanipiga, mwanangu. Siku zote inanipiga."

Akaenda kwenye mfuko, akatoa maboksi mawili. "Mama, Z.M. ni nani?" Nikaeleza, kitambaa usoni, na Oom alipotafsiriwa akalazimika kushika meza kwa kicheko. Wakazipanga risasi mbili mbili mezani, moja pua ndefu yangu nzito, moja pua fupi yake nyepesi, Oom akahakikisha, na Rehema akakaa kwenye kiti kizima. Akaikumbatia bunduki barabara. Nilimwangalia macho kwa jicho langu moja lililobaki, na sikuona kope ikicheza. Moja. Mbili. Tatu. Oom akaileta sahani ina matundu matatu, akaiinua juu klabu nzima ione, na mimi nikalia bila kuficha.

Jumapili shambani Rehema alisema Bismillah, akapiga mara moja, swala akaanguka pale pale aliposimama. Desturi ya wenyeji, anayeua kwa mara ya kwanza hupakwa damu ya mnyama mashavuni. Oom akachovya kidole, Rehema akarudi nyuma: "Sorry Oom, sisi Waislamu damu hatupaki." Mzee akaitazama plasta yangu, akafuta kidole kwenye nyasi, akasema basi, mama ameshapakwa kwa niaba ya familia.

Nyama mliila, hilo hamkatai. Na mimi nimeapa sitamwambia tena mtoto kwamba kitu hakiumi. Mwezi uliopita Rehema alikuwa na sindano ya jino, akanishika mkono akaniuliza. Nikamwambia, inauma, lakini unaiweza.