Nusu Dola Zilizosuguliwa

Ni mimi niliyezisugua. Nimelikana jambo hili mbele ya mama yangu, mbele ya rafiki yangu wa Mombasa, na mbele ya mzee mmoja wa Guangzhou ambaye hakuelewa hata neno moja nililosema lakini hakuniamini kabisa.

Zilikuwa sarafu ishirini za nusu dola ya Marekani, zote za mwaka 1964. Mama alipewa na nesi wa kigeni ambaye yeye mama alimpikia kwa miaka mingi, akazifunga kwenye kitambaa. Mwishoni mwa miaka ya tisini, macho yake yaliposhindwa kusoma Biblia, alinikabidhi kile kitambaa nilipokuwa nafunga safari ya Guangzhou, pamoja na karatasi ya vipimo vya daktari.

"Wachina wananunua kila kitu," alisema. "Ziuze, uniletee miwani."

Mimi ni msomi, kwa hiyo nilitafuta kitabu. Kikanifundisha kwamba nusu dola za mwaka ule ni za madini ya fedha karibu tupu, na kwamba zilizokuja baadaye huonyesha shaba ukingoni. Kulikuwa pia na sura kuhusu utunzaji wa sarafu. Sikuifikia.

Nilichokijua vizuri zaidi ni Shahe, soko la Guangzhou nilikonunua nguo za jumla za kupeleka nyumbani. Pale nilikuwa nikishusha bei ya blauzi mia kwa sababu ya vumbi kwenye kola moja. Nikaapa hakuna atakayenifanyia hivyo. Asubuhi ya kwenda kuziuza nilizisugua sarafu zote kwenye sinki la hoteli kwa dawa ya meno, chumvi na ndimu, weusi wote ukatoka, zikametameta kama vijiko vya harusi.

Mnunuzi wa kwanza, yule mzee, alitazama ukingo kwanza. Hakuna shaba, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaweka kioo cha kukuzia jichoni, na uso wake ukawa wa mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha. Rafiki yangu, mwenye Kichina cha sokoni, akatafsiri.

"Asema zimesuguliwa. Zingebaki na weusi wake angekupa bei ya wakusanyaji. Sasa atazitia kwenye mizani tu."

"Mwambie zilikuwa hivyo hivyo."

"Shoga, zanuka dawa ya meno."

"Mama ndiye huzisafisha."

"Mwanamke wa chuo kikuu mzima, wamsingizia mamako!"

Sikukubali. Kwa siku tatu nilizunguka kila meza ya sarafu niliyoelekezwa, hata iliyokuwa nyuma ya duka la samaki wa mapambo. Kila mahali ilikuwa ukingo, kichwa kuitikia, kioo, maziwa yaliyochacha, mizani. Kesho yake nilikuwa nasafiri.

Nikaingia kibanda cha simu, nikapiga kwa jirani yetu, naye akamwita mama. Nikamweleza kwamba kwa uzito tu zingetosha miwani, lakini mimi nilitaka bei yake halisi.

"Nizirudishe tujaribu kwingine? Tatizo mama, kuna mtu alizisugua zamani. Sijui nani."

Nilisikia kuku wa jirani.

"Mimi sijawahi kuzitia hata maji," alisema. "Ziuze leo hii, mwanangu, nataka kusoma. Na ukifika kwenye duka la miwani, chukua na yako, uwe unaona unachosugua."