Bega la Wifi

Kwa miaka kumi na tisa alishona mashuka na magauni ya wagonjwa katika chumba cha cherehani cha hospitali, na nguo za watu wa nyumbani siku za mapumziko, bila kuandika kipimo hata kimoja. Alikutazama ukiingia mlangoni, akakutazama ukigeuka, basi. Nguo ikakukaa kama umezaliwa nayo. Wenzake wakamwita Jicho.

Kisha msimamizi wa chumba kile akastaafu. Wakubwa walimtaka Jicho, ila nafasi ilidai cheti. Hivyo, na miaka yake hamsini na miwili, akajiandikisha chuo cha ufundi, akakaa benchi moja na mabinti wanaolingana na kitinda mimba wake.

"Mama, chora kwenye karatasi kwanza, ndipo ukate," mwalimu alimsihi kila siku.

"Nitachora, mwalimu wangu. Lakini huu mkasi unanicheka."

Nyumbani nako wifi yake, mke wa kaka yake, hakumwacha apumue. "Umechoka kulea wajukuu, sasa unagombania rula na watoto wa watu!"

"Nyamaza wewe. Hata jina lako unaliandika kwa mapumziko mawili."

Siku ya mtihani kila mmoja alipewa kitambaa na kadi ya vipimo: kifua, kiuno, nyonga, mgongo, mkono. Gauni moja, saa nne. Jicho akaisoma kadi, akaisoma tena. Namba tupu. Hakuna mtu aliyeingia mlangoni, hakuna aliyegeuka. Mikasi ya mabinti ilikwisha kuanza kula kitambaa, naye bado ameshika chaki, jasho likimtoka. Nani huyu? Nimshonee nani?

Nyonga pana. Mgongo mfupi. Mkono umejaa juu.

"Ee! Si wifi huyu!"

Binti wa meza ya jirani akageuka kumtazama. Jicho hakumwona. Alichora karatasi yake kama alivyofundishwa, mstari kwa mstari, akakata, akaketi kwenye cherehani, na mikono ikaenda yenyewe.

Zilipobaki dakika arobaini, mtahini, mzee mkavu mwenye miwani, alipita akikagua. Akaivisha sanamu ya darasani gauni lile. Bega la kulia likavutwa chini.

"Karatasi yako iko sawa pande zote mbili," alisema. "Mshono wa bega hili umeingia ndani zaidi, upana wa kidole. Kosa hili, mama."

"Si kosa, mwalimu. Ni wifi yangu."

"Wifi yako?"

"Bega lake hilo limeshuka. Mama yangu alilala kitandani miaka saba, na yeye ndiye aliyekuwa akimnyanyua. Namshonea hivyo siku zote. Mkono umekwenda wenyewe."

Mtahini alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Kwenye kadi hii wifi yako hayumo. Muda bado upo. Fumua, au nikate alama za kukuangusha."

Jicho akachukua wembe. Tundu kwa tundu alifumua mshono ule, na kwa kila uzi uliokatika aliona kama anamlazimisha wifi asimame asivyoweza kusimama. Akashona upya, sawa na karatasi. Kengele ikalia.

Cheti alikipata, na gauni akaruhusiwa kwenda nalo. Wifi akalivaa palepale sebuleni, akajitazama kiooni, akavuta kitambaa begani.

"Mbona huku linanipwaya? Hiki ndicho chuo kilichokufundisha?"

"Huko kupwaya ndiko kulikonipa cheti." Akamweleza yote.

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe nimefaulu bila kukanyaga darasa! Nusu ya cheti ni yangu."

"Chukua hata chote. Hebu simama wima."

"Ndiyo wima yangu hii."

"Najua," Jicho alisema, pini mdomoni, na bila kupima chochote akalikunja bega lile upana wa kidole.