Harusi Isiyo na Nyimbo

Simha aliuza kuku na mayai. Kuku wake hawakuwa wanono kuliko wa wengine, ila hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo. Alipoita wateja sokoni, watu wa ng'ambo ya mto Periyar walimsikia. Sauti hiyohiyo ndiyo iliyoongoza nyimbo za wanawake katika kila harusi ya mtaa wa Wayahudi tangu mama yake alipofariki. Ni nyimbo za Kimalayalam, lugha ya nchi ile, wanazozijua wanawake peke yao, na bibi harusi asiyeimbiwa alihesabiwa kama aliyetoroshwa.

Siku ya Sabato Torati haikusomwa chini, walikoketi wanaume. Ilipandishwa ngazi hadi jukwaa la juu, na nyuma ya jukwaa hilo, upande wa pili wa kiambaza cha mbao chenye matundu, waliketi wanawake. Mahali pa Simha palikuwa mbele kabisa. Aliweza kumsikia msomaji akimeza mate. Maneno yalimfikia yangali ya moto, naye akashinda nayo sokoni wiki nzima.

Sasa Bezaleli, mkuu wa sinagogi, wiki moja kabla ya kumwoza binti yake, akatangaza kwamba kuanzia Sabato ijayo Torati itasomewa chini. Ami Naftali, msomaji, alikuwa mgonjwa wa magoti.

Habari zilimkuta Simha amemshika kuku miguu. Akamrudisha tengani, akamwacha mteja amesimama, akaenda.

"Bezaleli! Umetufukuza sinagogini?"

"Nani kakufukuza, dada Simha? Utakaa palepale. Si masikio unayo?"

"Kutoka huko chini zitatufikia chafya zenu tu."

"Mzee anaumwa. Unataka afie ngazini?"

"Nataka asome. Mbona juzi nimemwona juu ya paa lake, anafukuza paka?"

Bezaleli akacheka. "Maneno yamekwisha. Alhamisi tunaanza matayarisho ya harusi kwangu; uje na wenzako mtuimbie."

"Kuja, tutakuja," Simha akasema.

Na kweli walikuja, hakubaki mwanamke nyumbani. Wakatwanga mchele, wakakuna nazi, wakakaanga vitafunio. Mbuzi za kukunia zilikwaruza asubuhi nzima, lakini hakuna aliyefungua kinywa kuimba.

"Jamani," mke wa Bezaleli akauliza, "hapa pana harusi au matanga?"

"Sauti zetu zimebaki sinagogini, ghorofani," Simha akamjibu bila kuinua macho. "Zinangoja kusomewa."

Sippora, bibi harusi mwenyewe, akatoka chumbani akamwendea baba yake. "Baba, mimi sitoki nje bila nyimbo. Mama aliimbiwa, bibi aliimbiwa. Mimi nimekosa nini?"

Bezaleli alimtazama binti yake, akawatazama wanawake, kisha akatupa mikono. "Haya! Mzee akikubali kupanda, na apande. Lakini mimi simburuti."

Simha hakungoja chai. Alimkuta Ami Naftali kibarazani kwake, anajipaka mafuta magotini.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kuuliza. Kinachouma ni magoti au ni aibu?"

Mzee akafunika chupa ya mafuta taratibu. "Wakinishika mkono mbele ya watu wote, Simha, kesho watanilisha kwa kijiko."

"Hakuna atakayekushika. Tutafunga kamba ngazini, uishike mwenyewe. Mkwezi wa minazi hapandi bila kamba, na sijasikia mtu akimwita kilema."

"Nitachelewa. Chakula chenu kitapoa."

"Kipoe. Meno tunayo."

Mzee akacheka hadi akakohoa. Siku ya Ijumaa, kabla jua halijazama, kamba ilikuwa imefungwa.

Sabato ilipofika, kijana mmoja alitangulia juu na Torati. Simha, nyuma ya kiambaza, alisikia unyayo mtupu wa Naftali ukikanyaga ubao, kisha kimya, kisha unyayo mwingine. Chini mtu akaguna kwa kukosa subira. Wanawake wakamnyamazisha wote kwa pamoja kama mabata bukini. Mzee akatokeza juu, jasho linamtiririka, mkono ungali umeng'ang'ania kamba. Gombo likafunguliwa mbele yake. Alijaribu kuanza, pumzi ikakataa.

"Pumzika, Ami," Simha akasema, kwa sauti iliyomfikia Bezaleli huko chini. "Hatuendi popote."

Mzee akapumzika. Kisha akasoma. Sauti ilikwaruza mwanzoni, ikalainika, na Simha akaegemeza paji la uso kwenye mbao, karibu sana hata akasikia tena mzee anavyomeza mate.

Jumanne, siku ya harusi, Sippora alipotolewa nje, amevaa dhahabu za bibi yake, Simha akafungua kinywa na wanawake wote wakampokea. Katika nyimbo zote alizozijua alichagua ile yenye beti nyingi kuliko zote. Bezaleli alikuwa amesimama juani na joho lake jipya. Ubeti wa kumi ulipopita akajipangusa shingo, akainama kumuuliza mkewe.

"Hawa wanamaliza lini?"

"Ulitaka nyimbo," mkewe akasema. "Tulia."