Wifi na Mshono wa Kuvuta

Kaka yake Wifi alinifukuza kwenye nyumba niliyoisombea maji ya kufyatulia matofali, akamwingiza mwanamke mwingine kabla kitanda changu hakijapoa. Ukoo wao mzima ulitulia kama maji mtungini. Wifi peke yake ndiye aliyenijia, ameshika shazia mbili, zile sindano nene za kushonea magunia.

"Kaka yangu amekuacha, mimi sijakuacha," alisema. "Inuka, twende mpakani tukashone."

Huu ni mwaka wa kumi na mbili.

Wifi ni mfupi, mnene, na mdomo wake haujui likizo. Madereva humwita Redio. Hunyamaza akiwa na uzi menoni tu, na hata hapo huguna.

Zamani mpakani palikuwa na mageti mawili. Lori likifika kwetu, watu wa forodha wanafungua magunia, wanachungulia, sisi tunashona. Linasogea hatua mia tatu, wa upande wa pili wanafungua yale yale. Ndipo Wifi akabuni mshono wake: ukivuta uzi mmoja tu, mdomo wote wa gunia unaachia.

"Kwa nini nimchoshe mwenzangu wa kule?" alisema. Washonaji wa kule walimpenda mno kwa hilo.

Mwaka jana serikali mbili zikapatana. Likajengwa jengo moja, maofisa wa pande zote wakakaa meza moja, gunia likawa linafunguliwa mara moja tu. Malori yaliyokuwa yakilala siku tatu sasa yanaondoka kabla dereva hajamaliza chai. Washonaji tulikuwa arobaini, wakabakizwa kumi. Mimi na Wifi tulikuwamo.

Wiki ya pili dereva mmoja alirudi akifoka. Magunia saba yalikuwa yamefunguka njiani, barabara nzima maharage. Msimamizi wetu wa washonaji akanyanyua kipande cha uzi.

"Nani kashona haya?"

Mshono ule kila mtu aliujua. Mimi dunia imenifundisha kunyamaza. Wifi akasimama.

"Ni mimi, baba. Mkono wangu haujapata habari kwamba mageti yameungana."

Dereva akaangua kicheko. Msimamizi hakucheka. "Kesho utashona magunia ishirini, tutayatupa kutoka juu ya lori. Mshono mmoja ukiachia, nenda nyumbani."

Mchana kutwa nilikaa ubavuni pake na gunia kuukuu. Kila mkono wake uliporudia mazoea, niliuchapa.

"Fundo, wifi!"

"Unanipiga mimi kwa makosa ya kaka yangu?"

"Ndiyo. Kaza."

Kesho yake Wifi alishona yote ishirini, wapakizi wakayatupa. La kwanza puu! La pili puu! La kumi na nane likapasuka, maharage yakatapakaa. Msimamizi akainama, akaushika mdomo wa gunia kwa mikono miwili, akauvuta mpaka shingo ikamtoka mishipa. Haukuachia. Gunia lilikuwa limechanika ubavuni.

"Gunia ndilo bovu," akasema. "Malizieni."

Mawili yaliyobaki yakatua salama. Msimamizi akamwonyesha Wifi mahali pake kwa kidole, akaenda zake.

Wifi akakaa, akavuta gunia la lori lililokuwa likisubiri, akamwita dereva wake.

"Baba, ukifika waambie watafute kisu. Leo hakuna kuvuta."